Mafuta ya waya na mafuta ya umeme kwenye manyuali: nani hasa anachelewesha gari?

Kuna ubishi mmoja ukikaa na madereva wa manyuali, yani gari za gia za mkono, lazima uibuke, uwe kijiweni Gerezani jijini Dar unasubiri fundi au umesimama Chalinze unakula mahindi, nao ni kati ya pedeli ya mafuta inayovuta waya wa chuma na ile inayopeleka habari kwa umeme. Mmoja atasema gari za siku hizi ukikanyaga mafuta gari inafikiria kwanza, mwingine atasema za waya ndo gari, unagusa tu imeitika, wa tatu atadakia kwamba ndugu yake alinunua gari ya mafuta ya umeme ikamgomea mlima Sekenke na mzigo juu, tangu hapo hataki hata kuisikia. Halafu siku hizi umeongezeka mkanganyiko mwingine, magari ya betri yameanza kuonekana mjini, kwaio ukisema gari yako ni ya mafuta ya umeme mtu anakuuliza unachajia wapi.

Nimeendesha Corolla 110 ya manyuali yenye waya kwa miaka mingi, sasa hivi naendesha Probox ya gia tano yenye mafuta ya umeme, na nilipohama nilikuwa upande wa walalamikaji kabisa. Kila nikitoka gia mbili kwenda tatu gari inaruka mbele kidogo, kama mtu kaisukuma kwa nyuma. Fundi wa kwanza akasema klachi imeisha, nikanunua klachi, ikafungwa, hali ikabaki ile ile. Ile hela iliniuma sana, na ndo iliyonifanya nianze kufuatilia hili jambo mpaka nielewe, maana niligundua watu wengi wanatoa hela kwa tatizo ambalo wala si ubovu.

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalikosea. Pedeli ya mafuta kwenye gari ya petroli haimwagi mafuta, inafungua hewa. Pale injini inapovutia hewa kuna bomba fupi la chuma lenye kisahani cha mviringo katikati, mafundi wanaliita throto. Kisahani kikiwa kimejifunga hewa inapita kidogo sana, injini inanguruma taratibu kwenye silensi, yani ule mngurumo wa chini mguu ukiwa haujakanyaga mafuta, ukikanyaga kisahani kinalala, hewa inaingia kwa wingi, na kompyuta ya injini, ile tunayoita kontrol boksi, inaangalia ni hewa kiasi gani imeingia ndo inaamuru nozeli zipulize petroli ya kulingana na hiyo hewa. Kwaio hata kwenye Corolla yangu ya waya petroli ilikuwa inapimwa na kompyuta, mguu wangu ulikuwa na mamlaka juu ya hewa tu.

Sasa tofauti iko hapa. Kwenye mafuta ya waya, pedeli imefungwa kwenye waya wa chuma unaopita ndani ya mpira mgumu mpaka kwenye throto, ni kitu kilekile kilichopo kwenye mkono wa bodaboda au breki ya baiskeli. Ukivuta huku, kule kinafunguka. Kwenye mafuta ya umeme hakuna waya wa kuvuta, pedeli ina sensa zinazosoma umekanyaga kiasi gani, zinapeleka habari kontrol boksi, kontrol boksi inaamua kisahani kifunguke kiasi gani halafu inaamuru mota ndogo iliyoko kwenye throto yenyewe ikizungushe. Gari bado inakula petroli kama kawaida, kilichobadilika ni njia ya kupeleka habari kutoka mguuni tu.

Mi huwa najieleza hivi. Waya ni kamba ya ndoo kisimani, ukivuta inchi moja ndoo inapanda inchi moja, hamna mazungumzo. Umeme ni mshenga. Wewe umempa maneno yako, lakini yeye anajua ukweni wakoje, kuna neno atalilainisha, kuna neno atalisubirisha, na kuna siku atalisema kwa mkazo kuliko ulivyomwambia wewe. Ujumbe utafika ila haufiki ulivyotoka mdomoni kwako.

Na hapa ndo kiini cha ubishi wote. Watu wanasema umeme unachelewa. Umeme wenyewe hauchelewi. Mota ya throto inaweza kukitoa kisahani kikiwa kimefunga mpaka kikiwa wazi kabisa kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, mguu wa binadamu wenyewe haukanyagi haraka hivyo kwenye uendeshaji wa kila siku. Kinachochelewa ni maagizo. Wale waliotengeneza gari wameandika kwenye kontrol boksi kwamba dereva akikanyaga ghafla akiwa gia namba moja, fungua kidogokidogo ili gari isitikise abiria na isipige shafti na maunting za injini kwa nguvu. Na dereva akiachia ghafla, usifunge papo hapo, funga taratibu. Ni uamuzi wa watu ofisini, umeandikwa ndani ya programu, na kila kampuni imeandika kwa namna yake, ndo maana ukipanda gari mbili zote za mafuta ya umeme moja inaweza kuwa nyepesi kama bodaboda na nyingine nzito kama inavuta tela.

Ile ya kuachia taratibu ndo inayomsumbua dereva wa manyuali, na nataka tukae hapo kidogo kwa sababu ndo iliyonilia hela ya klachi.

Chukua gari ambayo gia yake ya mbili ina uwiano wa 1.9 na ya tatu 1.3, hizo ni namba za kawaida kabisa kwenye gari ndogo. Uko gia mbili, mshale wa resi, yani mizunguko ya injini kwa dakika, uko 3,000. Ukiingia tatu kwa spidi ileile, injini inatakiwa izunguke kama 2,050, maana 3,000 ukizidisha kwa 1.3 ukagawa kwa 1.9 ndo unapata hapo. Yani ndani ya ule muda mfupi umekanyaga klachi unahamisha gia, resi inatakiwa idondoke karibu elfu moja. Kwenye gari inayoachia haraka, unapomaliza kuingiza gia resi nayo imeshafika, klachi inashika kama siagi kwenye mkate wa moto. Kwenye gari inayoachia taratibu, wewe umeshaingiza tatu, umeshaanza kuachia klachi, resi bado iko 2,700 au hata imepanda kidogo, kwaio klachi ndo inabebeshwa kazi ya kuilazimisha injini ishuke, na ile nguvu iliyobaki kwenye injini inaisukuma gari mbele. Ndo ule mruko. Klachi yangu ya zamani haikuwa imeisha, ilikuwa inafanya kazi isiyo yake.

Kwanini sasa waandike maagizo ya hivyo? Sababu kubwa ni moshi. Petroli ikipulizwa na nozeli si yote inaingia kwenye silinda, nyingine inaganda kama utando kwenye kuta za njia ya hewa, kama mafuta ya kula yanavyobaki kwenye kuta za sufuria. Kisahani kikifungwa ghafla, mvuto wa injini ndani ya ile njia unakuwa mkubwa, ule utando unavukizwa wote kwa mkupuo, lakini hewa ya kuuchoma haipo, kwaio petroli mbichi inatoka nyuma kwenye egzosi. Hewa ya mji inachafuka na masega ya egzosi, yale ya kusafisha moshi, yanapata moto ambao hayakutakiwa kuupata. Sheria za moshi za Japani, Ulaya na Marekani zimebana sana hapo, kwaio mtengenezaji anaona bora resi ining'inie nusu sekunde kuliko gari ifeli kipimo. Juu ya hapo kuna flaiwili, lile gurudumu la chuma linalozunguka nyuma ya injini, gari nyingi za kisasa zimefungwa flaiwili nzito ili injini isitetemeke, na kitu kizito kikishazunguka hakisimami upesi.

Sasa wale wanaosema gari za waya hazikuwa na hayo, hapo siwaungi mkono. Gari nyingi za kabureta za miaka ya 80 zilikuwa na kidude kama pampu ndogo pembeni ya kabureta, kazi yake ilikuwa moja tu, mguu ukiachia kinazuia kisahani kisijifunge kwa kishindo. Sababu ilikuwa hiyohiyo, moshi na gari kuzima. Na gari za nozeli zenye waya zilikuja na valvu ya silensi, njia ya pembeni ya hewa inayoendeshwa na kontrol boksi, ukiachia mguu ghafla inafunguka kidogo inaruhusu hewa ipite wakati kisahani kimeshafunga. Kwaio mshenga alikuwepo zamani, alikuwa na kazi ndogo tu.

Na kuna mfano ambao huwa unawashangaza watu, Land Cruiser mkonga yenye 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 ambayo ukienda Arusha kwenye gari za kupeleka watalii mbugani utaikuta kila kona. Madereva wake ndo mashabiki wakubwa wa waya, wanasema hii mguu unaongea na injini moja kwa moja. Dizeli ya namna hiyo hewa inaingia yenyewe bila kubanwa, waya wa pedeli unaenda kwenye pampu ya dizeli. Na ndani ya pampu kuna gavana, vyuma vidogo vinavyozunguka na kutanuka kadiri resi inavyopanda, vinashindana na springi. Mguu wako unakaza ile springi tu, halafu gavana ndo anayeamua dizeli ipite kiasi gani mpaka nguvu mbili zilingane. Yani hata mkonga una mshenga wake, tofauti ni kwamba huyu ni wa chuma, hajui moshi wala hajui abiria, ila ni yuleyule leo na kesho, kila dereva anamzoea. Nadhani hicho ndo watu wanachokipenda kwenye waya hata kama wanakiita jina lingine. Wanapenda kujua ukikanyaga hivi jibu litakuwa hivi, asubuhi na jioni, gari ikiwa baridi na ikiwa na moto. Hilo ni dai la haki kabisa na silidharau, dereva wa manyuali mguu wake wa kulia na wa kushoto vinategemeana, mmoja ukipewa jibu tofauti kila siku mwingine unapotea.

Isitoshe wanaolalamika si sisi wa gari za mtumba peke yetu. BMW walianza kuweka mafuta ya umeme kwenye 750iL mwaka 1987, Corvette ikafuata mwaka 1997, halafu taratibu ikashuka mpaka kwenye gari za watu wa kawaida. Mazda MX-5 ilitoka kwenye waya ilipokuja ya kizazi cha tatu mwaka 2005, Honda S2000 ambayo ilianza na waya mwaka 1999 ikapewa umeme mwaka 2006, na hizo ni gari ambazo watu walizinunua kwa ajili ya raha ya kubadili gia kwa mkono, kelele zilipigwa Marekani na Ulaya kama zinavyopigwa Gerezani. Upande wa pili ni teknolojia hiyohiyo iliyowawezesha Nissan kwenye 370Z ya manyuali, iliyotoka kama modeli ya 2009, kuipa kontrol boksi kazi ya kupiga resi yenyewe dereva anaposhusha gia, kitu ambacho waya hauwezi kukifanya. Mshenga akipewa maneno mazuri anaongea vizuri.

Kuna jingine linasemwa sana, kwamba umeme unapunguza nguvu ya gari. Angalia 1NZ-FE, injini ya Toyota ya lita 1.5 ambayo iko kwenye nusu ya gari tunazopishana nazo barabarani. Ya mwanzo ilitoka na waya, baadaye ikaja na umeme, injini ni hiyohiyo. Kisahani kikiwa wazi kabisa hewa inayoingia haijui kimefunguliwa na waya au na mota. Tofauti iko katikati ya safari ya pedeli. Waya ukikanyaga robo unapata kama robo, umeme ukikanyaga robo unaweza kupewa nusu au unaweza kupewa kidogo sana, inategemea walivyoandika, ndo maana kuna gari unagusa tu inachomoka unasema ina nguvu, halafu ukikanyaga zaidi hamna kinachoongezeka, ilishakupa yote mwanzoni.

Hapo hapo kuna watu wanauza vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya pedeli wanaahidi nguvu. Kile kidude kinaidanganya kontrol boksi tu, wewe umekanyaga robo chenyewe kinasema nusu. Gari itahisi nyepesi kwa sababu unapata mapema kile ambacho ungekipata kwa kukanyaga zaidi, na nguvu ya juu kabisa haijaongezeka hata farasi mmoja. Kwenye manyuali mi nakiona kinaleta shida zaidi, maana kuondokea kilimani kwa kubalansi klachi kunataka mafuta ya kugusagusa, pedeli ikishakuwa kali hivyo gari inanguruma au inaruka. Na kile cha kuning'inia kwa resi ukiachia mguu hakikiondoi, kwa sababu ule ucheleweshaji umeandikwa baada ya pedeli, ndani kwenye kontrol boksi, na kidude kinaishia kwenye pedeli.

Wengine wanataka kurudisha waya kabisa. Inawezekana kwenye karatasi, ila si kubadili throto tu, unahitaji throto ya waya, pedeli ya waya, valvu ya silensi, kontrol boksi ya zamani na nyaya zake, na kama gari yako ina kitu kama kuzuia matairi kuteleza kinakufa, maana chenyewe kinafanya kazi kwa kufunga throto bila kukuuliza. Kwa hela hiyo bora ununue Corolla 110 nyingine nzima.

Dawa iliyonisaidia mimi ilikuwa mguuni. Kwenye waya nilizoea kukanyaga klachi na kuachia mafuta kwa pamoja. Sasa natangulia kuachia mafuta kidogo sana, gari ikiwa bado imeshikwa na gia, kama nusu pigo la moyo, ndo nakanyaga klachi. Kwa kuwa klachi bado imeshika, uzito wa gari wenyewe unaibana injini isipandishe resi. Halafu nabadili gia nikiwa chini zaidi, 2,300 au 2,500 badala ya 3,000, kwa sababu kutoka huko chini resi ina safari fupi ya kushuka. Na ninaposhusha gia napiga resi kwa kukanyaga kwa kina na kushikilia kidogo, yale ya kugusa haraka na kuachia niliyoyazoea kwenye 110 kontrol boksi inayachukulia kama mtikisiko wa mguu inayapuuza. Baada ya wiki mbili gari ikaacha kuruka.

Ila kabla hujaanza kulaumu programu, hakikisha gari ni nzima, maana kuna uzito mwingine ni uchafu. Throto inaota weusi wa kaboni pembeni ya kisahani, hewa ya silensi inakosa njia, resi inacheza, gari inazima ukikanyaga klachi ukikaribia taa. Hii inazipata zote mbili. Kusafisha kwa waya ni rahisi, unafungua kwa kidole unafuta. Kwa umeme usisukume kisahani kwa kidole swichi ikiwa oni, mota inaweza kukibana kidole kweli, na kulazimisha kunaweza kuvunja vijino vya plastiki vya gia ya ndani. Ukishamaliza kusafisha au ukichomoa betri usishangae silensi ikawa juu kwa muda, kontrol boksi ilikuwa imeshazoea throto chafu na inajifunza upya. Gari nyingine zinajirekebisha zenyewe kwa kuendesha, nyingine zinataka fundi mwenye mashine. Nimeona mtu anauziwa throto nyingine kwa sababu ya hilo tu.

Ubovu wenyewe unatofautiana. Waya unakufa polepole na unakuonya, nyuzi zinakatika moja moja, pedeli inakuwa nzito, inakwaruza, mwisho unakatika, na hata ukikatikia porini kuna namna ya kufungafunga ukafika. Lakini nao una ubaya wake, uzi mmoja ukichomoza unaweza kukwama ndani ya mpira wake na throto ikabaki wazi, hilo madereva wakongwe wanalijua vizuri. Umeme hauonyi sana. Pedeli inakuwa na sensa mbili zinazosoma kitu kimoja na throto nayo hivyohivyo, kontrol boksi inalinganisha, zikipishana inaacha kukuamini. Taa ya injini inawaka, mota inakatiwa umeme, springi inakirudisha kisahani kwenye uwazi mdogo uliopangwa, na gari inabaki na nguvu ya kutambaa. Yule aliyegomewa Sekenke nina hakika kubwa ndo kilichompata. Gari inajilinda, ingawa najua ukiwa mlimani na roli nyuma yako halikuingii akilini. Hapo manyuali inakusaidia kuliko oto, weka namba moja, ile nguvu ndogo inatosha kukutoa barabarani. Mara nyingi chanzo ni soketi iliyoingia maji au vumbi, na kuosha injini kwa presha ndo kunaleta mengi ya haya, kwaio ukiosha funika throto na soketi zake.

Kujua yako ni ipi fungua boneti ufuate bomba la hewa mpaka kwenye throto, ukikuta waya unavuta gurudumu dogo ni ya waya, ukikuta soketi yenye nyaya kadhaa na kiboksi cha plastiki pembeni ni ya umeme. Angalizo moja, kuna Toyota za mwisho wa miaka ya 90, kama zenye injini ya 2JZ-GE ya VVT-i, utaona waya umefika mpaka kwenye throto na bado ni ya umeme, ule waya unaenda kuvuta sensa. Kenya ambako gari ya mtumba haitakiwi kuzidi miaka 8 anayeagiza leo atapata ya umeme tu, huku kwetu Tanzania gari kuukuu inaongezewa ushuru ila inaingia, kwaio bado mtu ana nafasi ya kuchagua.

Nimeliacha la usalama mwisho kwa sababu ndo linalotisha watu zaidi, kwamba ya umeme inaweza kujikanyaga yenyewe. Hofu hii ilienea dunia nzima mwaka 2009 na 2010 Toyota ilipoita mamilioni ya gari zirudishwe. Yaliyothibitishwa ni mawili, kapeti za chini zilizokuwa zinabana pedeli, na pedeli zilizokuwa zinakwama kurudi. Serikali ya Marekani iliwaita mpaka wahandisi wa NASA, na ripoti iliyotoka Februari 2011 ilisema hawakupata kasoro ya umeme inayoweza kusababisha gari kujiondokea kwa kasi kubwa. Hata hivyo mwaka 2013 mahakamani Oklahoma wazee wa baraza waliamua Toyota inawajibika kwa ajali ya Camry ya 2005 baada ya mtaalamu wa programu kueleza kasoro alizoziona ndani yake, kwaio si haki kusema waliokuwa na wasiwasi walikuwa wanaota. Toyota nao waliongeza agizo kwenye programu, breki na mafuta vikikanyagwa pamoja, breki ndo isikilizwe.

Wewe wa manyuali una kitu ambacho dereva wa oto hana. Mafuta yakikwama, yawe ya waya au ya umeme, kanyaga klachi mpaka chini. Injini itapiga kelele ya kutisha, iache ipige, ina kikomo cha resi na matairi hayapati tena nguvu yake. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipampu, kwa sababu throto ikiwa wazi breki inakosa msaada wa mvuto wa injini na kila ukiachia unapoteza uliobaki. Sogea pembeni, ukishasimama ndo uzime swichi, usichomoe ufunguo gari ikiwa inatembea maana usukani unaweza kujifunga. Halafu angalia chini ya miguu. Kapeti la mpira la pili tulilolitandika juu ya lile la kiwanda ili lisichafuke, lile ndo la kulitoa leo.